Sura ya Tano: Ruaha kwa Gari Lako, Peke Yako

Swali la kwanza utakaloulizwa ukienda hifadhini peke yako halihusu barabara wala simba. Utaulizwa, "Uko na nani?" Atakuuliza kijana wa sheli anayekujazia mafuta Morogoro, atakuuliza mama ntilie wa Ruaha Mbuyuni huku akikupakulia wali, na getini atakuuliza askari mwenye daftari la wageni. Kwetu porini hakuendwi hivi hivi. Mrina asali huenda na mwenzake, mchungaji huenda na nduguye, na mwindaji wa zamani alikuwa na kundi lake. Mtu aliye peke yake ndani ya gari, hasa akiwa mwanamke, huonekana ana neno moyoni. Askari mmoja alichungulia kiti changu cha nyuma, akasema kwa upole kabisa, "Dada, kama mwenzako anakuja na gari jingine, tumsubiri tu hapa kivulini." Nilipomwambia hakuna anayekuja, aliandika idadi ya abiria, akanitazama tena, kisha akaomba jina na namba ya simu ya mtu wa nyumbani.

Swali hilo naliheshimu, na nitalirudia mbele nikifika kwenye habari za usalama. Lakini jibu langu halijabadilika. Ipo namna ya kuiona nchi hii ambayo huipati ukiwa kwenye msafara, na mahali pazuri pa kuipatia ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, wakati wa kiangazi, ukiwa na gari lako na muda wako.

Sababu yenyewe ni nyepesi kuieleza. Ukiwa na wenzako, kila mnyama anapewa dakika zake. Aliyekaa nyuma ameshapiga picha, wa mbele amechomwa na jua, dereva ana ratiba ya watu, na haichukui muda utasikia "twende." Twiga anapata dakika tano. Simba aliyelala anapata kumi. Mto uliokauka haupati hata moja, kwa kuwa nani amesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kutazama mchanga? Ukiwa peke yako hakuna wa kusema twende. Unazima injini na kukaa mpaka mahali penyewe paanze kukuonyesha kinachoendelea, na mara nyingi hapaanzi kabla ya nusu saa. Wanyama waliokuwa wamenyanyua vichwa wanarudi kula. Ndege walionyamaza wanaanza tena. Unagundua kwamba kichaka ulichodhani kitupu kina tandala dume, amesimama palepale tangu ulipofika, pembe zake zimejisokota katikati ya matawi makavu.

Safari ya kwenda huko ni ya barabara moja, na barabara hiyo ina mambo yake. Ni ile TANZAM, iliyowekwa lami kutuunganisha na Zambia, na mpaka leo malori ya shaba na mafuta ndiyo wenyeji wake. Ondoka Dar es Salaam alfajiri ili Kibaha na Chalinze uzipite kabla malori hayajajipanga. Morogoro ni kama kilomita 190. Humo njiani utapita vijiji vingi vyenye kibao cha 50, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo yuko kivulini karibu na nusu ya vibao hivyo. Watu hulalamika kuhusu tochi. Mimi nimeona watoto wanavyovuka barabara ile kwenda shule, na sina la kulalamikia.

Baada ya Morogoro unaingia Mikumi bila hata kupita getini, kwa sababu barabara imeikata hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50. Watanzania wengi sana, hifadhi pekee waliyowahi kuiona maishani ni hii, na wameiona kwa dirisha la basi: swala, twiga wawili watatu, pengine tembo kando ya lami, kisha basi limepita. Mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 70 kwa saa, kuna matuta, na mwanzoni mwa hifadhi kuna bango lenye faini ya kila mnyama utakayemgonga, imeandikwa kwa dola. Bango hilo lisome lote. Kila mstari umeandikwa kwa sababu wanyama wanagongwa kweli, na wengi hugongwa usiku, na dereva aliyeona macho yaking'aa kwa kuchelewa. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa mtu anayesafiri peke yake ni kutopita Mikumi giza limeingia. Jua likikukuta Morogoro linaelekea kuzama, lala Morogoro.

Kama una siku ya ziada, lipia na uingie. Uwanda wa Mkata uko upande wa kaskazini ya barabara, ni nyasi tupu mpaka milimani, na barabara zake za karibu na geti zinapitika wakati wa kiangazi hata kwa gari la kawaida. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kabla ya Ruaha. Ipo pia Udzungwa, kama kilomita 60 kusini ya mji wa Mikumi, ila hiyo si hifadhi ya gari hata kidogo. Inatembewa kwa miguu, na ukienda kwenye maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, unakwenda na mwongozaji. Hilo ni jambo la sura nyingine.

Mikumi na Ruaha zilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka mmoja, 1964. Nchi ilikuwa changa, haina hela, ina shule chache na hospitali chache kuliko hizo. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alikuwa ametamka Arusha kwamba serikali yake itawatunza wanyamapori kama dhamana ya vizazi vijavyo. Sisi ndio vizazi vyenyewe. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni kutoka ng'ambo, na hata hivyo kwenye maegesho ya makao makuu ya Ruaha utakuta magari ya kampuni za utalii yakiwa mengi kuliko ya wenye nchi. Jambo hili linaniuma, na sidhani kwamba sababu yake ni fedha peke yake. Wengi wetu hatujawahi kuambiwa kwamba inawezekana kuwasha gari lako na kwenda.

Ukishapita mji wa Mikumi barabara inapanda, inateremka, na hewa inakuwa ya joto kavu. Umeingia bonde la mibuyu. Kwa kilomita nyingi milima imefunikwa na mibuyu mitupu isiyo na majani, rangi ya kijivu, na chini yake, kando ya lami, unaenda mto. Huo ndio Ruaha Mkuu. Pale Ruaha Mbuyuni wanamwagilia vitunguu kwa maji yake, na mifuko myekundu ya vitunguu imepangwa barabarani kwa mamia. Simama hapo. Kula wali, nunua vitunguu, lakini kwanza teremka uutazame mto, kwa sababu kuanzia hapa safari yako yote ni ya kuelekea juu, unakotoka mto huo.

Huu mto unaujua hata kama hujawahi kuuona. Unatoka kwenye ardhi oevu ya Usangu, upande wa Mbeya, unapita Hifadhi ya Ruaha, unaingia bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, unateremka kupita hapo Mbuyuni, unaingia Kidatu yenye megawati 204, kisha unakwenda kumwaga maji yake Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Kwa miongo mingi, mtu aliyewasha taa Dar es Salaam alikuwa anawasha maji ya Ruaha. Watu waliokua miaka ya 1990 na 2000 wanakumbuka mgao wa umeme, na wanakumbuka redio zikitangaza kina cha maji Mtera kana kwamba ni matokeo ya mpira.

Mlima Kitonga sitausemea sana. Upande kwa gia nzito, usilipite lori kwenye kona, na kama kuna lori limekwama tulia nyuma yake. Juu yake hewa inapoa, unapita Ilula kwenye nyanya, na saa moja baadaye uko Iringa.

Iringa ndiko unakomalizia matayarisho, na hapa ndipo safari ya mtu mmoja inapoachana na safari ya watu wanne. Wanne wanaweza kusukuma gari. Wanne wanaweza kumtuma mmoja akatafute msaada. Wewe una mikono miwili, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutoka kwenye gari ovyo na kutembea kwa miguu. Kwa hiyo kazi yote ya kusukumana ifanyike kabla. Mpe fundi gari lako alitazame chini, si kwenye injini tu: bushi, shokapu, mpira wa feni, terminali za betri. Jaza tangi mpaka juu. Beba tairi la akiba lenye upepo, na kama unaweza beba mawili, kwa kuwa mawe ya njia ile yana makali. Beba jeki pamoja na kipande kinene cha ubao wa kuiweka juu yake, maana kwenye mchanga jeki inazama badala ya kunyanyua. Pampu ndogo ya upepo inayotumia umeme wa gari si anasa: ukiingia kwenye mchanga mzito unapunguza upepo wa matairi, gari linatambaa vizuri, kisha ukirudi kwenye njia ngumu unaujaza tena. Maji ya kunywa beba mara mbili ya unavyodhani utahitaji. Chakula kinunue sokoni Iringa, lakini matunda usiyalaze hemani, machungwa hasa. Tembo huyasikia harufu kwa mbali na hema si ukuta.

Na ujifunze kubadili tairi ukiwa nyumbani, wewe mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kwa jeki ileile na spana ileile utakayokwenda nayo. Nati zilizokazwa kwa mashine gereji mara nyingi hazifunguki kwa spana ya gari. Hilo ni bora ulijue uani kwako kuliko kulijua porini.

Kutoka Iringa hadi Msembe, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Miaka yote niliyoipita njia hiyo sehemu yake kubwa ilikuwa ya vumbi na makunyanzi yanayotikisa hata meno. Njiani inagawanyika kuwa njia mbili, moja ikipita Tungamalenga, na zote mbili zinakufikisha getini. Mimi hupita Tungamalenga kwa sababu kuna watu, maduka na mafundi, na mtu wa peke yake anapaswa kuchagua njia yenye watu. Getini fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi, na shughuli imekwisha. Pia waweza kuomba askari wa kukuongoza, kwa malipo. Kwa mtu anayefika mara ya kwanza nashauri amchukue kwa siku moja, amfundishe njia, mito ya mchanga ya kuvuka na ya kuacha, na mahali simu inaposhika. Siku ya pili aende mwenyewe.

Nimesema nitalirudia swali la askari. "Uko na nani?" maana yake ni hii: ukikwama, nani atajua? Jibu lazima liwepo kabla hujawasha gari. Mtu mmoja nyumbani awe na ratiba yako, na mmekubaliana saa ambayo asiposikia sauti yako atapiga simu hifadhini. Wapokezi wa mabanda ya Msembe wajue asubuhi umeelekea wapi. Gari likiharibika, unabaki ndani yake au ubavuni pake. Hatari kubwa ni kuamua kutembea kutafuta msaada.

Tembo ndiye mnyama wa kumwogopa, kuliko simba. Ruaha ilipigwa vibaya na ujangili mwanzoni mwa miaka ya 2010, na tembo wenye umri mkubwa wamewaona wenzao wakianguka kwa mikono ya watu. Wengine hawajasahau, na gari linawakera. Akitandaza masikio na kutikisa kichwa anakuonya: usizime injini, usipige honi, ingiza rivasi na urudi taratibu mpaka atulie. Akiyabana masikio nyuma na kukunja mkonga huku anakuja, maonyo yamekwisha, ondoka kwa kasi yote uliyo nayo. Ndiyo maana kila unapoegesha hakikisha nyuma yako kuna njia. Usijiegeshe kati ya mama na mtoto, wala kati ya kundi na maji.

Halafu ndorobo. Hatamkwi katika matangazo ya utalii, lakini katika miombo atakufuata kilomita nzima, na kuumwa kwake kunapita nguo. Anavutiwa na kitu kinachokwenda na anapenda rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yake iliyotundikwa mitini ni vitambaa vya rangi hizo. Vaa khaki, funga vioo, vumilia. Karibu na mto hupungua.

Sasa Mwagusi. Ni kijito kinachoingia Ruaha Mkuu, na wakati wa kiangazi ni barabara pana ya mchanga mweupe iliyopinda katikati ya mibuyu na mikwaju. Juu hakuna hata tone. Fika saa tatu asubuhi, tafuta kivuli ukingoni, zima injini, usubiri.

Tembo jike atateremka ukingo upande wa pili, taratibu, akiwa na watoto nyuma yake. Atatembea mchangani akinusa kwa ncha ya mkonga, atapita mahali pa kwanza, atapita pa pili, atasimama pa tatu ambapo kwa macho yako hapana tofauti yoyote. Ataanza kuchimba kwa wayo wa mbele, akipiga teke la kurudisha mchanga nyuma. Shimo likishakuwa refu anaacha mguu na kuingiza mkonga, anatoa mchanga mbichi kidogo kidogo na kuutupa pembeni. Anasubiri. Maji yanajikusanya chini, machafu, anayavuta na kuyamwaga nje. Yale ya pili anayamwaga pia. Ya tatu, yaliyochujwa na mchanga, ndiyo anayoyapeleka kinywani. Mtoto anataka kuingiza mkonga wake na anasukumwa kwa goti. Kazi yote hiyo inaweza kuchukua zaidi ya saa moja, na kundi zima linangoja zamu.

Wakishakunywa na kuondoka, usiondoke. Hiki ndicho ambacho msafara haukioni. Nyani wanateremka kwanza, wanaingia shimoni mpaka mabegani. Wanafuata swala, mmoja mmoja, wakipiga magoti kufikia chini. Pundamilia wanasimama mbali wakisubiri. Kanga wanakuja, hondohondo wanakuja. Shimo moja lililochimbwa na mnyama mmoja linanywesha mtaa mzima, na bila yeye wote hao wangekuwa na kiu juu ya maji yaliyo chini ya miguu yao. Mibuyu ya ukingoni nayo ina makovu makubwa ambako tembo wameitoboa na kutafuna nyuzi zake zenye unyevu.

Mwagusi kukauka ni desturi yake. Lakini ukitoka hapo ukaenda kwenye mto wenyewe, Ruaha Mkuu, mwezi Oktoba, utakuta kitu ambacho si desturi. Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukisimama kila kiangazi, wiki kadhaa, miaka mingine miezi. Viboko wanarundikana kwenye madimbwi ya tope yanayozidi kupungua, mamba wanajichimbia kwenye kingo, na samaki wanaoza. Maji yanaishia juu, Usangu, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga na matumizi mengine yaliyoongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na hifadhi ili kulinusuru, Ruaha ikafikia kilomita za mraba 20,226, na mto bado unakauka. Wakulima wa Mbarali, huko huko Usangu, wanatulisha wali, hilo sitalisahau, na watu waliohamishwa Usangu kwa ajili ya uhifadhi wana machungu yao yanayostahili kusikilizwa. Lakini mpunga unaweza kumwagiliwa kwa mifereji isiyovuja, na maji yanayotoka shambani yanaweza kurudishwa mtoni badala ya kuachwa yapotee kwenye jua. Haya yanawezekana na yamesemwa kwa miaka mingi.

Yanahitaji kusukumwa na watu wengi waliouona mto ule kwa macho yao. Kwa hiyo nenda. Usingoje kupata kundi, usingoje gari kubwa zaidi, usingoje likizo ya watoto. Nenda Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, mto ukiwa katika hali yake mbaya kabisa. Mwachie mtu ratiba yako, kapate kivuli ukingoni, uzime injini. Na ukirudi mjini, siku wakipita wa kukuomba kura, waulize maji ya Ruaha yanakwenda wapi.